Nchi Iliyonyimwa Sabato Yake

Masomo: Walawi 25:1–7, Kutoka 23:10–11, 2 Mambo ya Nyakati 36:17–21



Habari ya sabato ya mtu twaijua sote. Mtoto wa kipaimara hujifunza maana yake katika amri ya tatu, naye mzee wa kanisa huitumia kuwakemea wale waendao sokoni kengele ya ibada inapolia. Lakini katika Torati iko sabato nyingine isiyohubiriwa sana, nayo si ya mtu wala ya mnyama, bali ni ya udongo. Musa aliamriwa juu ya mlima Sinai kwamba Waisraeli watapanda mashamba yao muda wa miaka sita, na mwaka wa saba wataiacha nchi ipumzike, wasipande mbegu wala wasipogoe mizabibu. Tazameni jambo hili: siku ile walipoipokea amri hiyo hawakuwa na shamba hata moja. Walikuwa wangali wakikaa hemani jangwani, na chakula chao kilikuwa mana. Kabla hawajakanyaga udongo wa nchi ile, walikwisha kuambiwa kwamba udongo una haki yake.

Hatusomi mahali popote kwamba waliishika amri hii katika siku za wafalme wao. Miaka mingi ikapita, na mwishowe mwandishi wa Mambo ya Nyakati atuambia jinsi Wakaldayo walivyouteketeza Yerusalemu, wakawachukua watu mpaka Babeli, na nchi ikabaki ukiwa hata ilipotimiza miaka sabini, nayo katika ukiwa huo ikazipata sabato zake. Neno hili ni la ajabu. Twajua ya kuwa watu wale walihamishwa kwa ajili ya sanamu zao, na kwa ajili ya kuwadharau manabii. Lakini mwandishi huyu akumbuka na deni jingine. Kumbe ardhi nayo ilikuwa ikihesabu miaka! Kile ambacho watu hawakuipa kwa hiari, ilikitwaa walipokuwa hawapo.

Mtu asituelewe vibaya. Hatusemi kwamba Mkristo amefungwa na hesabu ya mwaka wa saba, kana kwamba wokovu wake umo katika shamba lisilolimwa. Mtume Paulo amekwisha kutuonya katika waraka kwa Wakolosai tusihukumiwe kwa habari ya sikukuu na sabato. Walakini sheria isiyotufunga haikukoma kutufundisha, nayo yatufundisha jinsi Mungu anavyoitazama ardhi: kwamba ni mali yake, na ya kwamba hakuiumba ivumilie kila kitu. Hata Daktari Luther, alipoeleza katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529 maana ya kuomba riziki ya kila siku, alihesabu shamba na mifugo pamoja na chakula na mavazi. Basi yeye aombaye Baba Yetu asubuhi, huku akiliacha shamba lake lichukuliwe na maji jioni, twaweza kumwuliza aombalo ni nini.

Sisi tukaao katika nchi kavu ya katikati ya Tanzania, tangu Mpwapwa na Dodoma hata Kondoa na Singida, yafaa tuyajue mambo haya vema kuliko wengine. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja tu, nayo katika miaka mingi haifiki milimita 600. Huanza kunyesha Novemba au Desemba, na mwezi wa Aprili au Mei imekwisha. Kisha ni jua na upepo muda wa miezi saba.

Wakaao mijini hudhani kwamba udongo ni udongo tu. Mkulima hasemi hivyo. Yeye ajua kwamba juu ya miteremko uko udongo mwekundu, ulio mwepesi kwa jembe. Na chini bondeni uko udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi hata mguu wa ndama huweza kuzama, na wakati wa masika huvimba na kunata, mtu akaacha viatu vyake matopeni. Ule mweusi huweka maji na chakula cha mimea, lakini ni mzito, na si kila mwaka walimika. Basi watu wengi hulima ule mwekundu.

Nao udongo mwekundu una siri yake, ambayo yafaa kila mwinjilisti aijue, kwa maana waumini wake wanaishi kwa huo. Rangi yake hutokana na chuma kilichomo, na wageni wakiiona hudhani nchi ina rutuba kubwa. Sivyo. Udongo huu ni wa kale mno. Maji ya mvua za miaka maelfu kwa maelfu yameosha sehemu kubwa ya chakula kilichokuwamo, na hicho kilichosalia hushikwa na mboji, yaani majani na mizizi na samadi iliyooza. Katika nchi za baridi mboji hukaa muda mrefu. Kwetu joto na mchwa huimaliza upesi. Kwa hiyo nguvu yote ya shamba iko katika tabaka jembamba la juu, pengine haizidi unene wa kiganja cha mkono, nayo sharti iongezwe kila mwaka au itapungua. Mtu akiliondoa tabaka hilo, chini yake hakuna jingine lililo sawa nalo. Atakuta udongo mkali, au kokoto, au jiwe.

Sasa fikirini mwezi wa Novemba. Nchi imekaa wazi. Nyasi zimeliwa na ng'ombe, na zile zilizosalia zimechomwa moto na vijana wawindao panya. Mabua ya mtama yamekwisha kuliwa au kutiwa jikoni. Ndipo mvua ya kwanza inaposhuka kwa nguvu. Kila tone ni kama nyundo ndogo: huvunja madonge ya udongo yawe unga, na unga huo huziba vitundu ambavyo maji yangepitia. Jua likiwaka tena, shamba limefunikwa na ukoko, kama ule wa chini ya sufuria ya wali. Mvua ya pili ikija haiwezi kuingia. Yapita juu tu, ikichukua udongo pamoja nayo, hata mtoni. Ndiyo maana katika juma moja twaweza kuona mto umefurika na kubeba mbuzi, na mtama ulio kando ya mto huo umenyauka kwa kiu. Watu husema mvua imekuwa haba. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi mvua ilikuja, nasi hatukuwa na pa kuipokea.

Jambo hili lilipimwa zamani, wala si maneno ya kubahatisha. Huko Mpwapwa, katika miaka ya 1933 hata 1935, mtaalamu mmoja wa serikali ya Kiingereza aitwaye Staples alitenga vipande vya ardhi juu ya mteremko usio mkali, akakinga maji na udongo uliotoka katika kila kipande. Kimoja kiliachwa kitupu kabisa. Kimoja kilipandwa nafaka zetu za kawaida, uwele na mtama. Kimoja kiliachwa kiwe na nyasi, na kimoja kichaka kisichochungwa. Penye udongo mtupu nusu ya mvua yote ilikimbia, na udongo uliopotea kwa mwaka ulikuwa karibu tani 146 kwa hekta moja. Penye nafaka robo ya mvua ilikimbia, na udongo uliopotea ulikuwa karibu tani 78. Penye nyasi maji yaliyokimbia hayakufika sehemu mbili katika mia, na penye kichaka hayakufika hata nusu ya sehemu moja. Na udongo haukupotea.

Ndugu zetu, msipite upesi juu ya hesabu hizi. Mvua ilikuwa ile ile, mteremko ule ule, udongo ule ule. Tofauti ilikuwa nguo tu. Tani 146 zikitandazwa juu ya hekta moja hufanya unene wa kama sentimita 1, na wenye elimu ya udongo husema kwamba sentimita moja huchukua mamia ya miaka kufanyika. Maana yake, masika moja yaweza kuondoa akiba iliyowekwa kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Na tangu hesabu hiyo ifanyike, karibu miaka mia imepita; nayo haikufanywa Ulaya, bali hapa kwetu, katika mashamba ambayo wengi wenu mwaweza kuyafikia kwa basi la asubuhi.

Mtu aweza kudhani kwamba ni umaskini wetu na jembe la mkono vilivyotushinda, na ya kwamba watu wenye mashine wangaliweza. Basi na aende Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga huko, ikikusudia ekari zaidi ya milioni tatu katika Tanganyika, ili watu wake wapate mafuta ya kula baada ya vita. Matrekta yaliletwa kwa wingi, vichaka vikang'olewa kwa minyororo. Lakini udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama sakafu ya saruji, na ndani yake mlikuwa na chembe kali za mawe zilizosaga majembe ya chuma. Karanga zilipokomaa, ardhi ilikuwa imezishika hata hazikung'oka. Mvua nazo hazikuja kama zilivyoandikwa katika karatasi. Mnamo Januari 1951 mpango ule ulifutwa, baada ya kupotea kama paundi milioni 36 za Kiingereza, na nchi ile ikageuzwa ranchi ya ng'ombe. Wagogo waliokaa hapo tangu zamani walijua udongo ule hukauka namna gani, na mvua yake huchelewa namna gani. Hatudhani kwamba wengi waliulizwa.

Lakini mahali tunapotaka mpatazame hasa ni Kondoa, kwa sababu huko nchi ilipewa sabato kweli, tena mbele ya macho ya watu ambao wengine wao wangali hai.

Asafiriye kutoka Dodoma kwenda Babati hupita katika vilima vya Irangi. Huko makorongo mekundu yameingia ndani ya ardhi, mengine yaweza kuimeza nyumba pamoja na paa lake, na mito imekuwa mito ya mchanga, mipana, isiyo na maji ila siku chache za mwaka. Serikali ya Waingereza ilijaribu kuyazuia. Kabla ya uhuru watu walilazimishwa kuchimba matuta, kupunguza mifugo yao, na wengine kuhamia nchi ya chini. Kazi hiyo ilifanywa kwa amri na faini, kwa hiyo uhuru ulipokuja mwaka 1961, matuta yaliachwa pamoja na bendera ya waliyoyaamuru. Hatuwalaumu watu, tuta lililochimbwa kwa hofu ya faini halina mwenyewe.

Yapasa pia tuseme kwa haki kwamba si kila korongo la Kondoa ni kazi ya mikono ya Warangi na ng'ombe wao. Wachunguzi waliopima umri wa mchanga uliolala mabondeni wamekuta kwamba ardhi ya vilima vile ilimomonyoka sana hata katika zama ambazo mkulima alikuwa hajafika. Nchi yenyewe ni dhaifu. Twalisema hili kwa kuwa wahubiri wengine hupenda kumbebesha mkulima maskini dhambi ya kila bonde. Lakini wala hili si udhuru: mtu aliyepewa chungu chenye ufa hukibeba kwa uangalifu zaidi.

Basi mwaka 1973 serikali ya Tanzania, ikisaidiwa na Waswidi, ilianzisha kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Dodoma, nayo watu wakaiita HADO. Walipanda miti, wakachimba matuta kwa mashine, wakaziba makorongo. Haikutosha, kwa maana kwato zilikuwa zikibomoa mchana kile kilichojengwa asubuhi. Ndipo mwaka 1979 ilipotolewa amri nzito: mifugo yote iondoke katika eneo lile lililoharibika, lenye ukubwa wa kilometa za mraba 1,256. Wanyama karibu 90,000 walitolewa.

Ardhi ikapumzika. Na jinsi ilivyoitikia, hata walioitoa amri walistaajabu. Nyasi zilirudi pasipo kupandwa na mtu. Mizizi ya miti, iliyodhaniwa kuwa imekufa, ikatoa machipukizi, na baada ya miaka michache vilima vilivyokuwa vyekundu vikawa kijani. Mito ya mchanga ikaanza kupungua upana, matete na nyasi zikashika kingo zake, na juu ya mchanga ule uliotulia watu wakapata mashamba. Nyuki wakarudi, na watu wakatundika mizinga. Aliyekwisha kuisoma ile sura ya mwisho ya Mambo ya Nyakati, kisha akatembea Kondoa katika miaka ile, hakuhitaji mfasiri.

Kama tungeishia hapa, mahubiri haya yangekuwa mepesi, nasi tungeimba na kwenda zetu. Lakini si haki kuishia hapa.

Wale ng'ombe walikwenda wapi? Wenye makundi makubwa walikuwa na jamaa na nguvu. Waliwaswaga mpaka nchi za jirani, na huko malisho ya wengine yakapata mzigo ambao Kondoa ilitua. Mwenye ng'ombe wawili au watatu hakuwa na mtu wa kumpelekea, wala hakuweza kuwafuata mbali na kuacha shamba lake. Akauza kwa bei aliyoikuta, siku ambayo kila mtu alikuwa akiuza. Nyumbani mwake maziwa yakakoma. Samadi ikakoma, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiutia nguvu udongo wake. Ng'ombe wa kukokota jembe hakuwapo tena, jembe likarudi mikononi mwa wanawake. Mahari, ambayo huko huhesabiwa kwa ng'ombe, ikawa taabu kwa vijana. Nchi ilipewa sabato yake. Walakini gharama ya sabato hiyo ililipwa kwa vikombe vya watoto.

Hapa ndipo twapaswa kuifungua Kutoka, sura ya 23. Huko sheria hii hii imeandikwa kwa ufupi, nayo sababu itolewayo si udongo peke yake. Mwaka wa saba shamba liachwe, ili maskini wa watu wapate kula kile kiotacho chenyewe, na kile wanachosaza kiliwe na wanyama wa mwituni. Na katika Walawi wahesabiwa mtumwa, kijakazi, mtu wa mshahara, mgeni akaaye nao, na ng'ombe. Mwaona jinsi Mungu alivyoipanga sabato hii? Katika mwaka ule wa kupumzika, maskini ndiye aliyefunguliwa mlango wa kwanza. Ua liliondolewa kwa ajili yake. Ardhi na maskini waliwekwa katika amri moja, wala hakuna ruhusa ya kumwokoa mmoja kwa kumtoa mwenziwe.

Twadhani hili ndilo lililokosekana Kondoa. Walioamuru hawakuwa watu waovu, na bila amri yao huenda vilima vile leo vingekuwa mifupa mitupu. Lakini waliipima ardhi kwa kilometa za mraba, wakawapima ng'ombe kwa hesabu ya vichwa, wala hawakuuliza ni katika nyumba ipi maziwa yatakoma kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ruhusa ilitolewa kufuga ng'ombe wa maziwa zizini, akatiwe nyasi na kuletewa maji. Ni jambo jema sana, kwa maana samadi hubaki nyumbani na kwato hazipandi kilimani. Lakini ng'ombe wa namna ile hununuliwa kwa fedha nyingi, na banda lake pia. Aliyepoteza wawili wa kienyeji kwa bei ya kutupa hakuwa mtu wa kwanza kumpata. Kisha katika miaka ya 1990 mradi ulikwisha, na katika sehemu nyingine mifugo imerudi kuchungwa kama zamani. Ndivyo ilivyo: pumziko lililosimamiwa na askari hukoma askari akiondoka.

Je, hakuna njia nyingine? Iko, wala haikutoka mbali. Ndugu zetu Wasukuma wa Shinyanga tangu kale walikuwa na desturi iitwayo ngitili. Mvua zikianza, sehemu ya malisho hufungwa, asiingie ng'ombe hata mmoja, nyasi zikue na kukomaa. Kiangazi kikiwa kikali, sehemu ile hufunguliwa kidogo kidogo, na wa kwanza kuingia ni ndama, na ng'ombe dhaifu, na wale wakokotao jembe. Tafadhali lisomeni tena neno hilo: wadhaifu kwanza. Hatujui kama wazee wale walisikia habari za Sinai, lakini walikuwa karibu nayo kuliko sisi tulio na Biblia mezani.

Desturi hiyo ilivunjika. Misitu ilifyekwa ili kuwafukuza ndorobo, mashamba ya pamba yakapanuka, watu wakahamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, na Shinyanga ikawa na sifa ya jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianza kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, nayo badala ya kuwaondoa ng'ombe iliwauliza wazee juu ya ngitili. Familia moja ikafunga kipande chake, kisha kijiji, hata kufika mwanzo wa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishwa. Kuni, asali, dawa, nyasi za kuezekea, vyote vilirudi. Ng'ombe hawakuhamishwa, walifundishwa kungoja, yaani wenye ng'ombe ndio waliofundishwa.

Na mashambani pia iko kazi isiyohitaji fedha. Mwaka 1983 mmisionari mmoja kutoka Australia, Tony Rinaudo, aliyekuwa Niger penye ukame kuliko kwetu, alichoka kupanda miche iliyokufa, akatambua kwamba vile vichaka vidogo mashambani si vichaka, bali ni miti iliyokatwa ambayo mizizi yake ingali hai. Akachagua machipukizi machache yaliyonyooka, akapunguza mengine, na mti ukakua upesi kwa kuwa mizizi ilikwisha kuwamo. Huku kwetu Dodoma kazi hiyo huitwa kisiki hai, na wakulima wengi wanaifanya. Kivuli hupungua ukali wa jua, majani huanguka yakawa mboji, na tone la mvua hupoteza nguvu kabla ya kufika chini.

Sasa twasema na ninyi wazee wa sharika na wainjilisti. Sharika zetu nyingi zina shamba. Hulimwa kila mwaka, mahali pale pale, na mazao yake hupelekwa madhabahuni siku ya sikukuu ya mavuno. Ni lini shamba hilo lilipumzishwa? Ni nani aliyelipelekea samadi? Tumeona mashamba ya sharika ambayo ndiyo yaliyochakaa kuliko yote kijijini, kwa kuwa ni mali ya wote, na mali ya wote haina wa kuihurumia. Tena katika mnada wa sikukuu hiyo hiyo tumeona magunia ya mkaa yakinadiwa mbele ya kanisa, watu wakipiga makofi bei ikipanda. Hatusemi ni haramu. Twasema ni jambo gumu kumshukuru Mungu kwa mavuno ya mwaka huu kwa kumtolea mti uliokuwa ukiyalinda mavuno ya mwaka ujao.

Kwa hiyo twashauri kwamba kabla ya mvua za Desemba kila baraza la wazee likutane juu ya jambo hili moja. Shamba la usharika ligawanywe, sehemu moja iachwe bila kulimwa, nyasi zimee, na visiki vilivyo hai vichaguliwe machipukizi yake. Sehemu itakayolimwa ichimbiwe matuta ya kukinga mteremko, na mabua yaachwe juu ya ardhi baada ya mavuno, yasichomwe. Nyasi za sehemu iliyofungwa zisiuzwe kwa mwenye kundi kubwa, ingawa yeye ndiye atakayetoa fedha nyingi. Na nasi tuitwao wachungaji tusione haya kulisemea jambo la malisho. Jina letu limetoka huko.

Lakini wazee wasianze na kamba ya kupimia mpaka. Waanze na nyumba. Wapite kwa mjane mwenye mbuzi wawili, na kwa mzee ambaye ng'ombe wake mmoja hula kando ya njia, wakawaulize wanyama wao hula wapi mwezi wa Septemba. Majina yao yaandikwe katika daftari la usharika, na fungu lao la nyasi litajwe, kabla kijiti cha kwanza cha mpaka hakijachomekwa ardhini.